Sungura wawili, banda moja

DEO: Karibuni tena kipindini. Mimi Deo, niko na dada Zuhura kama kawaida. Leo tumewapumzisha mbwa na paka, zamu ya sungura.

ZUHURA: Na si sungura wa mchuzi.

DEO: Wa mchuzi wana vipindi vyao. Msikilizaji wetu wa Tabata ana sungura jike anayeishi naye ndani. Sasa kapewa dume, na anataka waishi pamoja. Anauliza aanzie wapi. Mimi ningemwambia afungue mlango, watazoeana wenyewe.

ZUHURA: Akifungua hivyo, ama watachanana, ama baada ya siku 31 hivi atakuwa na ukoo mzima humo ndani. Na jike akishazaa anaweza kushika mimba siku hiyohiyo.

DEO: Siku hiyohiyo? Hata hajapumua?

ZUHURA: Jike wa sungura humsubirii joto kama ng'ombe. Yai linatoka baada ya kupandwa. Dume akiwepo, basi.

DEO: Kwa hiyo amrudishe dume alikotoka?

ZUHURA: Hapana, mwenzi ni kitu kizuri. Watu wanadhani sungura anapenda upweke kwa sababu yule wa porini, anayekatiza barabarani usiku, yuko peke yake. Yule ni mnyama mwingine. Hawa wa kufuga asili yao ni Hispania na Ureno, wanachimba mashimo na kuishi kwa makundi. Ila kundi lao lina mipaka na lina wakubwa. Mgeni anayeingia eneo la mwenyewe bila utaratibu anapigwa.

DEO: Utaratibu wenyewe ni upi?

ZUHURA: Kwanza ahakikishe kweli ni jike na dume. Sungura wadogo wanachanganya. Muuzaji sokoni anakwambia wote majike, kumbe hata yeye anabahatisha. Kende za dume zinashuka akiwa na wiki 10 mpaka 12 hivi, kabla ya hapo mpe mtu mwenye uzoefu aangalie. Halafu wahasiwe.

DEO: Wote wawili? Si dume peke yake anatosha?

ZUHURA: Kuzuia mimba, anatosha. Lakini jike mwenye kizazi chake ndiye mkali wa banda. Analinda eneo, anachimba, anakung'ata mkono ukimwekea chakula. Tena akizeeka ana hatari kubwa ya saratani ya kizazi, kwa hiyo operesheni inamfaa hata kama angeishi peke yake. Dume naye akishahasiwa, usimwachie siku hiyohiyo jike ambaye bado hajahasiwa. Mbegu zinaweza kubaki mpaka wiki 6.

DEO: Hapa nakupinga kidogo, dada. Unasema wahasiwe kana kwamba ni kunyoa nywele. Daktari wa mifugo mtaani kwetu ni wa kuku na ng'ombe, akijitahidi sana mbwa.

ZUHURA: Ni kweli, na sungura ni mnyama mgumu kumlaza kwa dawa ya usingizi. Ndiyo maana usiingie kwa yeyote. Muulize swali moja: sungura wangu afunge kula usiku kabla ya operesheni? Akisema ndiyo, kama mbwa, shukuru na uondoke.

DEO: Kwa nini?

ZUHURA: Mbwa anafungishwa asije akatapika akiwa amelala. Sungura hawezi kutapika. Na utumbo wake ukikaa tupu unasimama, na ukisimama unaweza kumpoteza. Anatakiwa ale nyasi mpaka karibu na operesheni, na akizinduka ale tena mapema.

DEO: Na asiyempata daktari wa hivyo?

ZUHURA: Awaweke majirani. Vizimba viwili, nyavu mbili, na nafasi katikati inayozuia meno yasifike kwenye pua ya mwenzie. Wataonana, watanusana, watalala wakitazamana. Sioni aibu yoyote hapo. Bora majirani wa kudumu kuliko ndoa ya kulazimisha.

DEO: Haya, tuseme wamepona. Wanakutana lini?

ZUHURA: Bado. Homoni hazipungui siku ya mshono, zinachukua wiki kadhaa. Wakati huo fanya kazi ya harufu. Sungura ana tezi chini ya kidevu, ndiyo maana unamwona anasugua kidevu kwenye mguu wa meza. Anaandika jina lake. Wewe chukua kitambaa alicholalia huyu, kiweke kwa yule. Badilishana nyasi zenye mkojo kidogo. Wabadilishe hata vizimba. Mwanzoni atapiga mguu chini na kununa, halafu siku moja atakula juu ya harufu ya mwenzie bila kujali. Hapo ndipo uanze kufikiria kuwakutanisha.

DEO: Sebuleni?

ZUHURA: Kama sebule ni ya jike, hapana. Tafuta mahali ambapo hakuna aliyewahi kukojoa: varanda, stoo iliyofagiliwa, chumba cha mgeni. Utelezi ni mbaya, tandika mkeka. Dar hii usifanye saa saba mchana, joto likivuka nyuzi 30 sungura anateseka. Alfajiri au jioni ndiyo saa zao. Mwaga nyasi nyingi na giligilani. Ukiweka boksi la kujifichia liwe na matundu mawili, maana lenye tundu moja mmoja atabanwa ndani. Na wewe ukae chini hapohapo, umevaa glavu nene, na kizoleo cha taka karibu.

DEO: Kizoleo cha nini?

ZUHURA: Cha kutia katikati wakishikana. Mkono mtupu usithubutu. Sungura wakipigana kweli wanazunguka kama gurudumu, wananyofoana kwa miguu ya nyuma. Hawatakutofautisha.

DEO: Ila wakipandana mimi ningecheka tu.

ZUHURA: Kupandana watapandana, hata waliohasiwa, hata jike juu ya dume. Wanaulizana nani mkubwa. Kukimbizana kidogo na kunyofoa manyoya mawili matatu, achia. Anayepanda upande wa kichwa mwondoe haraka, kwa sababu sehemu zake za siri ziko mbele ya meno ya mwenzie. Na wakianza kuzungukana kwa mduara, mikia juu, masikio yamelala nyuma, usisubiri. Tia kizoleo.

DEO: Dalili nzuri ni kulambana?

ZUHURA: Kulambana kunakuja baadaye. Dalili ninayoitafuta mimi ni kupuuzana. Mmoja anakula, mwingine anajisafisha, wamepeana mgongo. Mnyama anayeogopa hampi mwenzie mgongo. Wageni wengi kwenye jambo hili wanaona sungura hawasogeleani, wanasema imeshindikana, wanawasukuma pua kwa pua. Waache!

DEO: Nimewahi kuona mmoja anainamisha kichwa mbele ya mwenzie. Anaomba radhi?

ZUHURA: Anadai kulambwa! Mara nyingi huyo ndiye mwenye cheo. Shida ni wote wawili wanapoinamisha na hakuna wa kulamba. Kimya, kimya, halafu mmoja anakasirika anang'ata sikio. Unaweza kuwapitisha mkono wote wawili kichwani kwa pamoja, kila mmoja akadhani kahudumiwa na mwenzie.

DEO: Udanganyifu huo, lakini naupenda. Na ile njia ya kuwatia kwenye kapu moja, unapanda nao bajaji mpaka waungane kwa woga? Jamaa zangu wanaisifia.

ZUHURA: Siipendi. Wanashikana kwa sababu wanadhani wanakufa. Ukiwashusha, woga ukiisha, ugomvi uko palepale. Na sungura mwenye hofu kubwa anaacha kula, tumeshasema utumbo ukisimama nini kinafuata. Mara fupi fupi za utulivu zinakupeleka mbali zaidi. Wakitulia dakika chache, maliza hapo, usingoje wagombane ndipo uwatoe.

DEO: Wakishaumizana?

ZUHURA: Tenganisha manyoya uangalie ngozi, maana tundu la jino halionekani kwa juu. Jeraha dogo linafunga, ndani linatengeneza jipu, na usaha wa sungura ni mzito, hautoki wenyewe. Hiyo ni ya daktari. Na tafadhali, usiende duka la dawa ukanunua amoksilini ukamnywesha. Inaua bakteria wazuri wa tumboni, na sungura anakufa.

DEO: Hiyo irudie, kila nyumba ina vidonge hivyo kwenye droo.

ZUHURA: Amoksilini ya kunywa, sungura, hapana. Wala penisilini nyingine za kunywa.

DEO: Lini sasa wanahamia pamoja?

ZUHURA: Wakishazoea kukaa saa nyingi bila wewe kunyanyua kizoleo, na wanakula sahani moja. Safisha banda lote kwa maji na siki, libadilishe mpangilio, lisiwe tena la jike. Vyombo vya maji viwili. Siku ya kwanza chagua ambayo hutoki nyumbani. Wengine wanafika hapo kwa siku chache, wengine kwa miezi.

DEO: Wakishaungana, mmoja akiugua namwacha mwingine nyumbani?

ZUHURA: Nenda nao wote, kapu moja. Mgonjwa akirudi peke yake ananuka hospitali, mwenzie anaweza kumwona mgeni, unaanza upya.

DEO: Yaani nilipe mara mbili?

ZUHURA: Unalipia mgonjwa, kaka. Yule mwingine ni msindikizaji.