Lori la Shaba na Masharti Yasiyokwisha: Mhadhara kwa Vijana wa Programu, Lubumbashi

Wadogo zangu, hili la ruwaza ya Hali (State), njia ya kupanga programu ya kitu chenye hali zinazobadilika, nimelisema mara nyingi hapa Lubumbashi, na wengine naona mmeanza kucheka. Chekeni. Nitanyamaza siku mtakapoacha kuniletea klasi (kiolezo cha kuundia objekti, yaani vitu vya programu) yenye kigeu, kihifadhi thamani, kinachoitwa "hali" na masharti ya "ikiwa" ya kufa mtu chini yake.

Tuseme unaandika programu ya malori ya shaba yanayovukia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Lori liko foleni, limeandikishwa duane (forodha), limelipiwa, limeruhusiwa. Unaandika mbinu, yaani amri ambayo klasi inaweza kuitekeleza, ya kulipa: likiwa foleni, kataa, likiwa limeandikishwa, pokea, likiwa limelipiwa, kataa tena. Mbinu ya kuvusha, masharti yaleyale. Ya kufuta hati, yaleyale. Kesho mkubwa anakuja: ongeza hali ya "limezuiliwa kwa ukaguzi". Haya, zunguka faili zote. Unasahau sharti moja. Moja tu! Lori lililozuiliwa linaingia Zambia, na kompyuta inasema hakuna shida.

Dawa ni hiyo ruwaza ya Hali. Erich Gamma na wenzake waliiandika tangu 1994 katika kitabu chao Design Patterns, wakitolea mfano muunganisho wa TCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni: uliofungwa, unaosikiliza, uliokwisha kuunganishwa. Kila hali ina klasi yake, na zote zinafuata kiolesura kimoja, yaani orodha moja ya amri ambazo kila klasi lazima izijibu. Lori linabeba objekti ya hali yake ya sasa. Ukiliamuru "vuka", linaikabidhi objekti hiyo amri. Ukaguzi umekuja? Ongeza klasi moja, kisha gusa zile hali tu zinazoweza kuelekea huko. Na ukisahau kujibu "vuka" ndani yake, kompaila ya lugha ya Java, inayotafsiri msimbo wako kabla haujaendeshwa, inakugomea palepale, lori likiwa bado foleni.

"Klasi zitakuwa nyingi, mkubwa." Ndiyo, nyingi. Kwani ulidhani wingi huo haukuwepo? Uliufukia ndani ya masharti. Ila taa ya kuwaka na kuzima tu, jamani, iachieni buleani yake, thamani ya ndiyo au hapana. Sikuwaomba wazimu.

Nani abadilishe hali, lori au hali yenyewe? Yote yanakubalika. Mimi naiachia hali, ingawa hapo klasi zitalazimika kufahamiana. Hali isiyo na data yake, objekti moja inatosha malori yote. Strateji, ruwaza nyingine inayofanana na hii, tuiache leo. Umbo ni lilelile, kazi ni nyingine.

Naonyeshwa saa. Hifadhidata, najua mtaniuliza: kwenye jedwali andikeni jina la hali tu, mkisoma mjenge objekti yake upya, mahali pamoja. Hapo masharti nawaruhusu.