Mara ya Mwisho Alikunywa Lini?

MAIMUNA: Asalaam alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba. Mimi Maimuna, na mwenzangu yuleyule.

KHAMIS: Khamis. Haya, Shaabani ndiyo inakwisha, watu wanavunja jungu. Wengine pwani na biriani lao, wengine...

MAIMUNA: Wengine na ulabu. Sema tu.

KHAMIS: Nilikuwa nazunguka! Si unajua kwetu, mtaa mzima unamjua nani anakunywa, lakini barazani halisemwi.

MAIMUNA: Hukumu yake kila mtu kaisoma tangu chuoni, sina la kuongeza. Mimi nna jengine. Yule anayekunywa kila siku, tembo au gongo, halafu mwezi ukiandama anaacha ghafla.

KHAMIS: Kwani si jambo jema hilo?

MAIMUNA: Nia njema kabisa, ila mwili haujaambiwa. Pombe hupoza ubongo. Ukinywa kila siku, mwaka wa kwanza, wa pili, ubongo nao hujizoesha kujikaza ili usizimike. Ukiiondoa pombe siku moja, kile kinachopoza hakipo tena, na ubongo bado umejikaza vilevile. Hazipiti hata saa 12, mikono inatetemeka, jasho, moyo mbio, usingizi hakuna. Ndani ya siku 2 anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kisha kati ya siku ya 2 na ya 4, baadhi yao huweweseka: homa, hajui yuko wapi, anaona visivyokuwepo. Hali hiyo isipotibiwa, inaweza kuua.

KHAMIS: Subiri. Ndani ya Ramadhani moja mtaani kwetu, siku ya tatu, kijana mmoja alikuwa anajipangusa siafu. Siafu wenyewe hakuna! Wazee wakasema kapandwa na shetani. Akafungwa kwa kanga, akaitwa maalimu. Wallahi mguu mmoja nilimshika mimi.

MAIMUNA: Kisomo hakina ubaya. Lakini kisomwe ndani ya gari, njiani kwenda hospitali.

KHAMIS: Tulikwenda, usiku. Daktari kauliza: mara ya mwisho alikunywa lini? Kimya. Tulikuwa watu sita, sote tunajua, kila mtu anaangalia sakafu. Akaanza kumpima malaria. Mpaka mama yake akasema, "Juzi usiku, mwanangu, kabla ya daku."

MAIMUNA: Basi yule mama kamwokoa mwanawe. Jibu hilo ndilo linalogeuza matibabu. Hupewa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepamu, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku. Na vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa kila siku huwa nayo haba, na ikikosekana kumbukumbu huharibika, pengine isirudi. Lakini tafadhali, diazepamu msinunue mkampa nyumbani. Ikikutana na pombe inaweza kuzima pumzi.

KHAMIS: Na gongo nalo lina balaa lake.

MAIMUNA: Likichanganyika na methanoli, ile spiriti yenye sumu, huweza kupofua. Hilo kipindi chake peke yake.

KHAMIS: Sasa nitamjuaje wa hatari? Maana si kila anayekunywa atatetemeka.

MAIMUNA: Mtazame asubuhi. Anayeamka anatetemeka mpaka azimue, huyo asiache peke yake. Aende kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, aseme ukweli, aachishwe taratibu. Na aliyewahi kuanguka alipoacha safari iliyopita, huyo zaidi.

KHAMIS: Na saumu yake?

MAIMUNA: Mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyengine. Amuulize shehe wake. Lakini mtu anatapika, anatoka jasho namna ile, maji anayahitaji mchana.

KHAMIS: Mimi bado namfikiria yule mama. Mbele ya majirani watano, Bi Maimuna! Si rahisi.

MAIMUNA: Asiseme mbele yao. Amvute nesi pembeni, amnong'oneze.