Mwanangu Hatumii Kijiko: Maoni Niliyopeleka Kuhusu Kanuni za Watoto Wadogo

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za huko. Karibuni tena Columbus, Ohio.

Leo simo ndani ya gari wala simo dukani. Nimekaa sakafuni, kwenye zulia hili hili mnaloliona kila siku nyuma yangu, kwa kuwa karibu yote nitakayowasimulia, kuhusu mwanangu na maoni niliyolipelekea jimbo letu juu ya kanuni za kuwasaidia watoto wanaochelewa kukua, yalitokea hapa.

Mnaonifuata tangu zamani mnajua kwamba mwanangu wa pili alichelewa kusema. Alipotimiza miaka 2 maneno yake hayakufika kumi. Nikipiga simu nyumbani Lushoto kila mtu ananituliza: watoto wa kiume ndivyo walivyo, mjomba wake naye alichelewa, mwache, siku akianza mtamwomba anyamaze. Walisema kwa upendo, nami nilishukuru. Lakini usiku nilikuwa silali.

Nikampeleka kliniki, nikaambiwa tusubiri. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja Mkongo tunayesali naye. Akaniambia, "Mama, usingoje daktari. Piga simu mwenyewe." Nikapiga. Kumbe hapa mzazi anaweza kumpeleka mtoto wake apimwe bila barua ya mtu yeyote, na kupimwa ni bure.

Niwaeleze kidogo huduma yenyewe. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofungua huduma kwa watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka 3 wenye ulemavu au wanaochelewa kukua: kutembea, kusema, kufikiri, kuhusiana na watu, kujihudumia. Nyumbani wataalamu huziita afua za awali. Mtaalamu anakuja kwako, kwenye zulia lako, siyo wewe kumbeba mtoto mpaka hospitali. Na mpango unaoandikwa ni wa familia nzima, siyo wa mtoto peke yake.

Masharti makubwa na sehemu ya fedha vinatoka serikali kuu, lakini kila jimbo lina kanuni zake. Hapo ndipo penye uzito. Jimbo ndilo linaloamua mtoto awe nyuma kiasi gani ndipo asaidiwe. Yapo majimbo yaliyoweka asilimia 25 katika eneo moja la ukuaji, mengine 33, mengine mpaka 50. Maana yake mtoto yule yule, mama yake akipata kazi jimbo jingine na kuhamisha masanduku, anaweza kufika huko akaambiwa hastahili. Mtoto hajabadilika. Kilichobadilika ni tarakimu kwenye karatasi.

Na karatasi hizo hubadilishwa. Hapa Ohio kanuni za jimbo hupitiwa upya kila baada ya miaka 5, tena mwaka 2023 jimbo liliunda idara mpya ya watoto na vijana, huduma hizi zikahamia huko. Sheria ya nchi inasema kabla jimbo halijabadilisha sera za huduma hizi, litangaze, lifanye vikao vya kusikiliza watu, na litoe siku zisizopungua 30 za wananchi kupeleka maoni. Siku 30 hizo, wapendwa, hupita kimya kimya. Tangazo liko kwa Kiingereza, Kiingereza cha wanasheria, na mama anayehusika yuko zamu ya usiku kwenye ghala anafunga maboksi. Mimi mwenyewe mara ya kwanza ilinipita hivyo hivyo. Mara ya pili mratibu wetu wa huduma hizi alinitumia ujumbe, nikaamua hii hainipiti.

Sasa niwape nilichowaandikia watu wa jimbo.

Siku mwanangu anapimwa walikuja watu wawili. Wapole, wamevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mkalimani alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa, simu imewekwa hapa juu ya zulia. Mmoja anamchezesha mtoto, mwingine ananiuliza maswali na kujaza fomu. Akafika kwenye mambo ya kujihudumia. "Mtoto anatumia kijiko?" Nikajibu hapana. Akaweka alama. "Anatumia uma?" Hapana. Alama nyingine.

Nilijibu ukweli. Kwetu ugali unaliwa kwa mkono. Mwanangu alikuwa anakata tonge, analiviringisha kiganjani, analibonyeza katikati kwa dole gumba likawa na kishimo, anachotea mlenda, anafikisha mdomoni, na njiani hadondoshi. Mtoto wa miaka 2! Jaribuni kumfundisha mtu mzima ambaye hajawahi, muone kazi ya vidole ilivyo pale. Lakini fomu haikuuliza tonge. Iliuliza kijiko.

Kwenye maneno ikawa hivyo hivyo. Walionyesha picha ya mtu wa theluji. Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, theluji ya kwanza alilala, ya pili alikuwa na mafua, hatukumtoa nje. Akaitazama tu. Yule mpimaji wa pili, Mungu ambariki, akafunga kitabu cha picha, akaniuliza, "Kwenu jikoni anaita nini?" Tukahesabu. Maji. Nyanya, yaani bibi, kwenye simu. Na neno moja la Kisambaa ambalo mama yangu humwimbia. Tukajumlisha na yale ya Kiingereza aliyookota kwa dada yake. Mtoto wa lugha mbili au tatu huhesabiwa maneno yake yote, kila lugha ichangie. Hata hivyo hayakutosha, na hapo nikajua kwamba mwanangu kweli anahitaji msaada, haonewi na lugha. Nililia siku ile, lakini niliuamini ule mtihani. Ndicho nilichotaka waelewe: mama akiona mtoto amepimwa kwa haki, hata jibu chungu atalipokea.

Sheria inasema mtoto apimwe kwa lugha anayoitumia kwa kawaida, pale wataalamu wanapoona inafaa kwa umri wake. Maneno mazuri sana. Lakini mkalimani wa simu hamwoni mtoto. Yule mama Mkongo, siku ya mtoto wake, alisema mwanawe anapenda sombe. Mkalimani alikuwa na Kiswahili cha pwani, sombe hajui, kwake ni kisamvu, akanyamaza kwanza halafu akasema "chakula fulani". Ni neno moja tu la mtoto, lakini mtoto mwenye maneno saba likipotea moja limepotea kubwa.

Kwa hiyo niliomba mambo mawili. La kwanza, kanuni iseme wazi kwamba familia iulizwe inavyokula, inavyolala, inavyombeba mtoto, kabla ya kuweka alama kwamba hawezi. Na inapowezekana mkalimani awepo chumbani.

La pili ni simu. Siku 45 ndizo zilizowekwa tangu mtoto afikishwe kwenye huduma mpaka apimwe na kikao cha mpango kifanyike. Mwanangu aliingia akiwa na miaka 2 na miezi 2. Huduma hizi hukoma siku mtoto anapotimiza miaka 3, keki mezani na huduma imekwisha. Alikuwa amebakiza miezi 10. Toa siku 45. Sasa mama yuko kazini, kaacha simu kwenye kabati kwa amri ya bosi, anapigiwa na namba asiyoijua, haipokei, wanapiga tena, halafu jalada linafungwa. Lilimkuta jirani yangu. Alipokuja kujua, mtoto alikuwa amebakiza miezi 4. Nikaandika: tumeni ujumbe wa maandishi kwa lugha ya mama kabla hamjafunga jalada.

Niliyaandika kwa Kiswahili kwanza, usiku, meza ya jikoni. Kwa Kiingereza nilikuwa najikuta naandika kama naomba kazi. Kwa Kiswahili nilisema. Binti wa kanisani akanisaidia kutafsiri, nikamkataza asinipambie. Baadaye nikaingia kwenye kikao cha mtandaoni, nikapewa dakika chache, sauti ikinitetemeka mwanzoni. Nilipofika kwenye tonge nikaonyesha kwa mkono mbele ya kamera, hivi, nikaona watu kwenye vile vidirisha wanaacha kuandika wananitazama.

Maoni yamepokelewa, uamuzi bado. Ukitoka nitawaletea, uwe mzuri au mbaya.

Na kwa nini nahangaika wakati wangu amekwishavuka miaka 3? Kwa sababu niliona kinachofanyika kwenye zulia hili. Dada mtaalamu aliyekuwa anakuja kila wiki hakuleta begi la midoli. Alinifundisha mimi. Niliposhika kikombe cha maji alisema, usimpe mara moja, mtazame, hesabu moyoni mpaka tano. Nikahesabu. Wiki ya kwanza akalia. Wiki ya tatu nimefika nne, akaomba mwenyewe, "mazi", yaani maji. Nikajaza kikombe mpaka kikamwagika.

Mlioko nyumbani, hili si la Marekani peke yake. Tanzania ilizindua programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya watoto wa miaka 0 mpaka 8, iliyopangwa kwa mwaka 2021/22 mpaka 2025/26. Programu ya miaka mitano ina mwisho, na penye mwisho kuna watu wanaokaa kuandika kinachofuata. Mkutano wa kijiji au mtaa ukiitishwa, ulizeni mtoto asiyesema anapimwa wapi, na nani, kwa lugha gani. Msiwaachie wageni waalikwa waliovaa fulana za mradi. Bibi anayekaa na mjukuu kutwa nzima ana la kusema kuliko wote, mpeni kiti cha mbele.

Nanyi mlioko majimbo mengine huku, kila jimbo lina baraza la kushauri huduma hizi, na sheria inataka wajumbe wasiopungua asilimia 20 wawe wazazi. Viti hivyo ni vya watu kama sisi. Ulizeni kama kipo kilicho wazi.

Jumamosi nitasoma barua yangu yote kwa sauti, Kiswahili chake kile kile cha usiku ule, ili mama wa Dayton au Akron anayetaka kuandika yake apate pa kuanzia. Mnaweza kuichukua, mtoe tonge langu, muweke la kwenu.