Mwenye njaa mmoja, wenye kesi parokia mbili

Haya, mliokaa nyuma sogeeni. Leo tuko Uingereza ya zamani, kwenye rufaa za sheria ya maskini, na huko kuna vituko ndugu zangu.

Toka 1601 kila parokia inalisha maskini wake kwa kodi ya wenyeji. Sawa, ila maskini wake ni nani? Sheria ya 1662 ikasema mtu akihamia kwenu na anapopanga hapafiki thamani ya pauni 10 kwa mwaka, mkiwahi kulalamika ndani ya siku 40 mahakimu wawili wanaweza kuamuru arudishwe kwao, hata kama hajaomba mkate wa mtu, kisa tu mnahisi kesho ataomba! Hilo la kuhisi lilikuja kufutwa 1795.

Sasa parokia iliyoletewa mzigo ndo inakimbilia rufaa, kwenye korti ya mahakimu wa kaunti iliyokaa mara 4 kwa mwaka. Na hapa muwe makini, kikao kinachofuata kikipita hujakata rufaa basi imekula kwako, amri inakufunga mbele ya kila parokia ya nchi, huwezi kuja baadaye kusema huyu si wetu. Ukishinda je? Anarudishwa alikotoka, ila umeibwaga parokia ile moja tu, nao wana ruhusa ya kumtafutia parokia ya tatu, yaani mtu anapigwa danadana na watoto wake.

Ushahidi wenyewe mara nyingi ni kiapo chake. Ulifanya kazi kwa nani, mwaka mzima? Maana toka 1691 kijana asiye na mke wala mtoto akiajiriwa kwa mwaka mzima anapata haki ya kuhesabiwa maskini wa parokia ile, ndo maana matajiri wajanja waliajiri kwa wiki 51, halafu mawakili wanakuja kugombania hiyo wiki moja.

1834 wakabadilisha, nakala ya amri na maelezo ya maskini zitumwe kwanza, siku 21 zipite ndo aondolewe, na mrufani aandike sababu zake siku 14 kabla ya kikao. Nia nzuri tu, ila mawakili wakahamia kuwinda makosa ya karatasi, kesi inaanguka kwa sababu karani kasahau kitu.

Na sheria ile ya 1662 ilimruhusu yeyote aliyeona kaonewa kukata rufaa, maskini mwenyewe yumo. Kwa hela ipi sasa? Haya, dada pale naona umenyoosha mkono.