Tung'oe elektroni ya molekuli kwa leza, hatua kwa hatua

Habari zenu wapendwa watazamaji. Nawarekodia kutoka hapa Uyole, Mbeya, na baridi hii ya Julai imenifungisha madirisha yote. Leo tunachukua molekuli nyepesi kuliko zote, ayoni ya molekuli ya hidrojeni (H₂⁺), yaani molekuli ya hidrojeni iliyopoteza elektroni moja: viini viwili, elektroni moja. Tunaimulika kwa leza kali ndani ya kompyuta. Lugha ya programu ya Python na maktaba yake ya hesabu, NumPy, vinatosha.

Fungueni faili jipya. Tengenezeni mstari wa x kutoka -150 hadi 150, nukta 2048, kwa vizio vya atomu, yaani vipimo vidogo vinavyolingana na ukubwa wa atomu; namba zote zisizotajiwa kizio ziko kwa vizio hivi. Kizio kimoja cha urefu ni nanomita 0.0529, cha muda ni atosekunde 24.2.

Sasa, kabla ya molekuli, wekeni kiini kimoja tu, kwa nishati ya mvuto wake kwa elektroni: V = -1/√(x²+2). Tafuteni hali ya chini, yaani wimbi la elektroni lenye nishati ndogo kuliko yote, kwa kuendesha muda wa kufikirika (badala ya t mnaweka -it, na hali za nishati kubwa zinafifia), na kila hatua mrudishe jumla ya uwezekano kuwa 1. Nishati lazima itoke -0.5. Angalieni skrini yangu: -0.4998... -0.5000. Hapo ndipo pa kutulia. Ikitoka -0.47, msiguse leza. Kosa liko kwenye gridi, yaani zile nukta za x, au kwenye mgeuzo wa Fourier, ile hesabu ya kuligawa wimbi kuwa mawimbi sahili mnayoitumia kulisogeza, nanyi mkiendelea mtachora grafu nzuri ya uongo.

Imekubali? Wekeni viini viwili, kila kimoja na -1/√((x±R/2)²+1). R ni umbali kati ya viini. Anzeni na R = 2, kisha mtafute upya hali ya chini.

Leza: urefu wa wimbi nanomita 800, yaani omega (kasi ya mzunguko wa wimbi) 0.057. Ukali wa wati 10¹⁴ kwa sentimita ya mraba unatupa uga wa umeme wa 0.053. Mizunguko 10 ya wimbi, nguvu ya leza ipande na kushuka polepole. Hatua ya muda 0.05.

Mnaijua barabara ya Chunya inavyoupanda mlima? Elektroni imezingirwa na mlima wa namna hiyo. Leza inauinamisha upande mmoja, ukuta unakuwa mwembamba, na elektroni inapenya ubavuni bila kufika kileleni.

Kingoni, vizio 30 vya mwisho kila upande, wekeni kinyonyaji, yaani sehemu ya kulifuta wimbi linalofika hapo. Bila hicho wimbi linagonga ukingo na kurudi, kama maji kwenye beseni. Kilichonyonywa ndicho kipimo chenu cha kuayonika, yaani elektroni kung'oka.

Hifadhini matokeo kila hatua 1000. Niliwahi kuacha hesabu ya elektroni mbili usiku kucha, umeme ukakatika alfajiri, nikaanza sifuri.

Endesheni. Kwa R = 2, karibu hakuna kilichotoka. Sasa andikeni R = 7, mrudie yote. Mmeona? Viini vikiachana, uga unapogeuka ghafla elektroni inabaki imekwama kwenye kiini cha juu, ikiutazama ukuta wa kati ulio mwembamba, na inatoroka kirahisi. Jambo hili watafiti Zuo na Bandrauk walilionyesha mwaka 1995, na mimi bado linanisisimua kila nikiliona likitokea kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.

Malizieni kwa R kutoka 2 hadi 14, mkiongeza nusu nusu, kisha chora grafu ya kilichonyonywa dhidi ya R.