Mke Wangu Hafanyi Kazi

Ndugu mwenyekiti, asante. Kwenye ratiba mmeandika kwamba nitazungumzia "Usawa wa Kijinsia: Mafanikio na Changamoto". Kichwa hicho nimekikuta mezani leo asubuhi, na namwomba radhi mapema aliyekiandika. Mafanikio mnayajua. New Zealand waliwapa wanawake kura mwaka 1893, Uswisi wakajivuta hadi 1971, na jimbo lao moja, Appenzell Innerrhoden, likakaza shingo kwenye chaguzi zake mpaka mahakama ilipolilazimisha mwaka 1990. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi kwa wanawake ni wa 1979. Mkutano wa wanawake wa Beijing ni 1995. Haya, mafanikio yamekwisha. (Kicheko.)

Mimi nimekuja na sentensi moja, na walionisikia kabla ya leo wanaijua: "Mke wangu hafanyi kazi, yuko nyumbani tu."

Hiyo "tu" ndiyo ugomvi wangu.

Nianze na dhambi zangu. Nikiwa kijana, nilijaza fomu ya kujiunga na chuo. Palikuwa na nafasi ya kazi ya baba na nafasi ya kazi ya mama. Ya baba niliandika kwa herufi kubwa. Ya mama nikachora kistari. Kistari, jamani! Na shati nililokuwa nimevaa, kola imesimama wima, mama alilipiga pasi alfajiri kabla sijaamka. Nililivaa likiwa bado na joto. Nilichora kile kistari nikiwa ndani ya kazi yake.

Sasa kuna bwana pale nyuma anatabasamu, najua anawaza nini. Anawaza: huyu mkewe kamlisha nini? Bwana wangu, hakunilisha kitu. Nilisoma habari za Iceland.

Na hapa mtanivumilia, maana hadithi hii siwezi kuikata. Tarehe 24 Oktoba 1975, wanawake wa Iceland waliacha kazi. Si za ofisini peke yake, zote: ya kulipwa na isiyolipwa, ya kuandika barua na ya kumpigisha mtoto mswaki. Inakadiriwa asilimia 90 ya wanawake wa nchi ile walishiriki. Wakati wa kupanga, neno "mgomo" liliwatia wengine hofu, basi wakaiita siku ya mapumziko. Ujanja ulioje! Utamfukuzaje mtu kazi kwa kuomba siku moja apumzike? Mjini Reykjavík walikusanyika kama 25,000, katika nchi yenye watu laki mbili na ushee. Wengine hapa mmehudhuria harusi kubwa mkadhani mmeona umati.

Kilichonikamata si umati huo, ni yaliyotokea kwingineko mchana ule. Shule nyingi zilifungwa, maana walimu wengi walikuwa wanawake. Akina baba wakaenda kazini na watoto mkononi, na mabosi wakalazimika kununua peremende na penseli za rangi ili watoto wasibomoe ofisi. Mtangazaji alikuwa akisoma habari redioni, na watoto wanasikika nyuma yake wakicheza. Soseji zikaisha madukani, kwa kuwa ni rahisi kuzipika na watoto wanazipenda. Siku ile ilikuwa Ijumaa, na wanaume wakaipa jina: Ijumaa Ndefu. Kwa lugha yao hilo ndilo jina la Ijumaa Kuu, siku ya mateso. Yaani mwanamume kapika soseji na kufunga kamba za viatu vya watoto watatu, siku moja, akajiona yuko msalabani.

Siku moja! Wanawake waliifanya kazi hiyo juzi na jana, na kesho yake waliirudia.

Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya usawa. Bunge hilohilo ambalo siku ya mgomo lilikuwa na wanawake watatu. Mwaka 1980 wananchi wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais, mwanamke aliyeachana na mumewe na akimlea binti yake peke yake, akakaa madarakani miaka 16. Msinielewe vibaya, sisemi soseji zilimleta rais. Nasema watu waliona kwa macho kitu ambacho siku zote kilikuwa mbele yao.

Mtaniambia, aa, hayo ya zamani. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kila siku duniani hufanyika saa bilioni 16.4 za kazi ya malezi na nyumba isiyolipwa. Igeuzeni hivi: watu bilioni 2 wanaofanya kazi saa 8 kutwa, na mwisho wa mwezi hakuna mshahara. Robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Mwanamke kwa wastani saa nne na dakika ishirini na tano kwa siku, mwanamume saa moja na dakika ishirini na tatu.

Na saa hizo hazimo kwenye pato la taifa. Kanuni za hesabu hizo ni kichekesho. Ukilima mazao ukala mwenyewe, kanuni zinasema yahesabiwe. Ukiyapika, hapana. Wachumi wenyewe wana utani wao wa siku nyingi: bwana akimwoa mfanyakazi wake wa ndani, pato la taifa linashuka. Mama yuleyule, sufuria ileile, ila sasa "hafanyi kazi".

Kuna anayeniambia kila ninapofika hapa: "Mwalimu, lakini hiyo ni kazi ya upendo, usiitie bei." Nakubali, ni upendo. Ila nieleze, ndugu yangu, kwa nini upendo unaofua na kufagia umegawiwa jinsia moja, na upendo unaosoma gazeti umegawiwa nyingine? Mwingine husema wanawake wenyewe wameridhika. Huyo namshauri arudi nyumbani leo aulize, kisha anyamaze. Anyamaze kabisa, asikilize jibu lote.

Halafu kuna rafiki yangu mwema kuliko wote, yule anayesema, "Mimi namsaidia mke wangu." Kusaidia! Unamsaidia mtu kazi yake. Jirani akijenga, unamsaidia. Mtoto ni wako, nguo chafu ni zako, sahani uliilia wewe, sasa unamsaidia nani? Na usiniambie ni maneno tu. Kiswahili chetu kinatwambia mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, mmoja anatenda, mwingine anatendwa, na hata leo mwanamke akisema "nimemwoa" watu wanacheka. Sisemi tubadilishe sarufi. Nasema tusijifanye haituambii kitu.

Dakika tano? Mwenyekiti, umenionyesha tano au mbili? Mbili. Haya.

Nilikuwa na kurasa nne za mishahara, naziacha. Nitasema tu kwamba sheria ya Iceland iliyoanza 2018 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi athibitishe kwamba analipa wanawake na wanaume sawa, si mwanamke kuhangaika kuthibitisha kwamba anapunjwa. Ni tofauti kubwa mno, natamani ningepata nusu saa. Likizo ya baba: Norway mwaka 1993 walitenga wiki nne za baba pekee, asipozichukua zinapotea. Kabla ya hapo baba waliochukua likizo walikuwa wa kuhesabu. Baada yake, jambo likawa la kawaida. Hakuna aliyehubiriwa. Ukatili wa majumbani sitaugusa kwa dakika mbili, itakuwa kuudharau, niiteni tena.

Maswali basi. La, ngojeni kidogo. Nilifika hapa mapema leo, nikawakuta akina mama sita wakipanga hivi viti. Baadaye wakatuandalia chai. Nimekuwa nikiwatafuta kwa macho tangu nianze kuzungumza, siwaoni, ila nasikia vikombe vinagongana nyuma ya ule mlango. Bwana uliyekuwa ukitabasamu, wewe uko karibu na mlango. Nenda kawaite waje wakae. Na vile vikombe, ukishafika huko, utaona mwenyewe la kufanya.