Ua Mmoja, Vyumba Sita: Magomeni Niliyokulia

Wazee wangu, ndugu zangu na vijana mliohudhuria, nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumzia Magomeni ya Dar es Salaam, ng'ambo ya bonde la Jangwani, nilikokulia katika miaka ya 1970 na 1980. Watu wa rika langu tunapokutana hupenda kusema kwamba zamani watu walipendana na kwamba siku hizi mapenzi yamekwisha. Maelezo hayo hayaniridhishi, kwa kuwa naamini ujirani wetu ulijengwa kwa kiasi kikubwa na nyumba zenyewe tulizokaa.

Nyumba yetu ilikuwa ile ya Kiswahili mnayoijua: baraza mbele, ukumbi uliopita katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo vilivyotumiwa na wote. Mwenye nyumba, bibi wa Kizaramo, alikaa chumba cha mbele. Vilivyobaki vilipangwa na fundi cherehani Mnyamwezi, familia ya Kingoni, sisi, na wengine waliokuja na kuhama. Mtu hakuweza kwenda kuoga asubuhi bila kuwaamkia watu wazima wanne au watano, na mtoto aliyepita bila kutoa shikamoo alirudishwa na yeyote aliyekuwa karibu, akaanza upya. Jiko la mtu lisipowashwa hadi jioni, ua mzima ulijua, na hakulazimika kuomba.

Bidhaa zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipanga mawe na makopo kwenye foleni ya duka tangu alfajiri ili kushika nafasi. Sisi watoto tulitumwa kuyalinda mawe ya nyumba nzima, la mama yangu pamoja na la fundi na la bibi, na sukari ilipopatikana iligawiwa uani kwa kikombe kimoja mbele ya macho ya wote. Ramadhani ilipoingia, futari ilizunguka katika sahani zilizofunikwa kwa kawa, ikifika hata kwa jirani zetu Wakristo, na ilikuwa aibu kubwa kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu.

Baraza nalo lilikuwa na kazi yake. Pale wazee walicheza bao na kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania, na pale nilisikia kwa mara ya kwanza habari za Mwalimu Nyerere, ambaye baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955 aliishi Magomeni, katika nyumba ambayo leo ni makumbusho. Wazee wale walimtaja kama jirani kabla ya kumtaja kama Rais.

Siwezi kusema kwamba ua ule haukuwa na kero. Mama zetu waligombana kwa sababu ya maji, masizi na zamu ya kufagia, na siri ya mgonjwa haikuwa yake peke yake. Ndiyo maana siwalaumu wanaotaka choo chao na jiko lao. Maghorofa mapya ya Magomeni Kota yalipozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo zamani, nilifurahi kwa dhati. Ninachotamani ni kwamba wachoraji wa majengo ya namna hiyo waache mahali pa kukaa ambapo watu watakutana bila kualikana.

Hivi karibuni nilimtembelea shangazi yangu anayeishi ghorofani. Alipika pilau, akapakua sahani moja, akaifunika, akanituma niipeleke mlango wa pili kama alivyonituma nikiwa na miaka minane. Binti aliyefungua aliipokea kwa mshangao kidogo, akashukuru, akafunga mlango. Tulikuwa bado tunakula tuliposikia hodi. Sahani ilikuwa imerudi, imeoshwa, na juu yake kulikuwa na maembe mawili.